Kipimo Kilianzia Wapi? Jibu kwa Mwalimu Aliyechoshwa na Vichwa vya Habari

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Kila Jumatatu wanafunzi wangu huja na habari walizozisoma kwenye simu za wazazi wao: kwamba Wamarekani wametengeneza jua dogo linalotoa nishati nyingi kuliko inayoingia, kwamba Wakorea wamepata jiwe linaloelea hewani, kwamba kompyuta imesoma kitabu kilichoungua karibu miaka elfu mbili iliyopita, kwamba vinasaba vimethibitisha kuwa Waswahili ni Waajemi. Juu ya hayo wanauliza la nyumbani: ikiwa bwawa la Rufiji lina megawati 2,115, mbona umeme bado unakatika mtaani kwetu? Baadhi ya habari hizi huja kukanushwa wiki chache baadaye, nami hubaki na aibu mbele ya darasa. Je, kuna kigezo kimoja ninachoweza kuwapa? – Mwalimu, Tanga.

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole kwa aibu ya darasani, ingawa sioni kama aibu hiyo ni yako. Katika habari zote tano ulizozitaja sioni hata moja ambayo mtu alikaa chini akatunga uongo, na ndiyo maana kuuliza "ni kweli au si kweli?" kumekuwa kukikuangusha. Ninakupendekezea swali jingine: kilichopimwa ni kitu gani, na kipimo hicho kilianzia wapi kikaishia wapi?

Swali hilo nililipata kazini. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuhakiki mizani na mita, na siku moja tulipokea malalamiko ya wateja wa duka moja la jumla kwamba kilo ya sukari ya pale hupungua ikifika nyumbani. Nikaweka jiwe la kilo 1 juu ya sahani, mshale ukasimama panapotakiwa. Nikaweka la kilo 5, ukasimama vilevile. Nilikuwa nimekwisha anza kuandika kwamba mizani ni salama nilipomwona kijana wa duka akimpimia mama mmoja: alichukua mfuko wa kaki, mnene, uliokunjwa mara mbili kwa chini, akauweka mtupu juu ya sahani, kisha akamimina sukari hadi mshale ulipogusa kilo 1. Nilipoupima mfuko ule peke yake, ulikuwa na gramu 60. Mizani ilikuwa imesema kweli, mshale ulikuwa umesema kweli, na mama yule alikuwa anakwenda zake na gramu 940 za sukari.

Tuanze basi na jua la Wamarekani, kwa kuwa mfuko wake wa kaki ndio mkubwa kuliko yote. Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, miali 192 ya leza ilielekezwa ndani ya kopo dogo la dhahabu. Linakaribia ukubwa wa kile kifutio kilichopachikwa nyuma ya penseli. Ndani ya kopo kulikuwa na kidonge kidogo kama punje ya pilipili manga, kilichobeba aina mbili za haidrojeni nzito, yaani deuteriumu na tritiumu. Leza hazikukigusa kidonge chenyewe. Zilipiga kuta za kopo, kuta zikatoa eksirei, na eksirei hizo zikakibana kidonge kutoka kila upande hata viini vya atomu vikaungana kama viunganavyo ndani ya jua. Leza zilifikisha kwenye shabaha megajuli 2.05, na muunganiko ule ukatoa megajuli 3.15. Wanasayansi walikuwa wamelisaka jambo hilo kwa miongo mingi, na hapo ndipo lilipopatikana kwa mara ya kwanza maabarani. Aliyeandika kwamba ni tukio la kihistoria hakukosea.

Lakini megajuli 2.05 ni nishati ya mwanga uliofika kwenye kopo, na mwanga haukutoka hewani. Ili kuuzalisha, mitambo ya leza ilivuta takriban megajuli 300 kutoka kwenye gridi ya umeme. Ukianza kupima kwenye ukuta wa kopo, kilichotoka kimezidi kilichoingia mara moja na nusu. Ukianza kupima kwenye mita ya umeme, ziliingia 300 zikatoka tatu na kidogo. Watafiti wenyewe waliyasema haya waziwazi siku ya kutangaza matokeo, tarehe 13 Desemba, ila kichwa cha habari hakikuwa na nafasi ya kuyabeba.

Wanafunzi wako wataelewa upesi zaidi ukiwapa hesabu hii kwa lugha ya LUKU. Yuniti moja ya umeme ni megajuli 3.6, kwa hiyo jua lile dogo lilitoa nishati isiyotimia yuniti moja, wakati leza zilikula yuniti 83. Mwite mmoja wao ubaoni akokotoe kwa joto mahususi la maji, na ataona kwamba megajuli 3.15 zinatosha kuchemsha lita 10, yaani nusu ndoo, kutoka nyuzi 25 hadi 100. Birika la wati 2,000 lingeifanya kazi hiyo kwa dakika 26 hivi. Kituo cha kuzalisha umeme kwa njia hii kingelazimika kufyatua vidonge vya namna ile takriban mara 10 kwa kila sekunde, usiku na mchana, wakati mitambo ya California hufyatua mara chache mno kwa siku. Tena maabara ile ilijengwa hasa kwa ajili ya utafiti wa silaha za nyuklia, na hakuna hata jenereta moja iliyounganishwa nayo ya kugeuza joto lile kuwa umeme. Jaribio lilirudiwa Julai 2023 likatoa megajuli 3.88, jambo linaloonyesha kwamba la kwanza halikuwa bahati. Hata hivyo, mradi mkubwa wa kimataifa wa ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa, unaotumia njia nyingine ya sumaku, ulitangaza mwaka 2024 kwamba majaribio yake ya deuteriumu na tritiumu yatasubiri hadi 2039, na hata huo ni mtambo wa utafiti usiokusudiwa kuuza umeme. Kwa maoni yangu hii ilikuwa habari kubwa ya fizikia iliyochapishwa kimakosa katika ukurasa wa nishati.

Sasa tuje Rufiji, ambako nitakaa zaidi, kwa sababu swali la wanafunzi wako ni zuri kuliko wanavyojua, na kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wazima wakilijibu kwa matusi.

Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayofanana kwa sauti ambayo yanatosha kumaliza nusu ya ubishi huu: kasi na kiasi. Megawati ni kasi. Inakwambia umeme unaweza kuzalishwa kwa haraka gani katika nukta fulani ya wakati, wala haikwambii umeme ulio­zalishwa mwaka mzima ni kiasi gani. Daladala inaweza kuwa na kipima mwendo kilichoandikwa hadi 180, lakini abiria aliyekwama Chumbageni haulizi kipima mwendo kinafika ngapi; anauliza gari limekwenda kilomita ngapi tangu asubuhi. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, na 235 mara 9 ni 2,115. Hiyo ndiyo namba ya kwenye kipima mwendo. Kama mitambo yote ingezunguka kwa nguvu zake zote kila saa ya mwaka, ingezalisha zaidi ya gigawati-saa 18,500. Makadirio ya mradi wenyewe ni gigawati-saa 5,920 kwa mwaka, sawa na wastani wa megawati 676 mwaka mzima, au chini kidogo ya theluthi moja.

Mtu akiona theluthi moja hudhani kuna wizi, na hakuna. Maji ya Mto Rufiji yanayoingia bwawani kwa mwaka mzima hayatoshi kuizungusha mitambo tisa bila kupumzika, na waliosanifu walilijua hilo tangu mwanzo. Mitambo mingi imewekwa ili bwawa liweze kutoa umeme mwingi jioni, watu wanapowasha taa, pasi na televisheni kwa pamoja, kisha ipunguzwe usiku wa manane maji yabaki nyuma ya ukuta. Bwawa la Ethiopia juu ya Abbay, yaani Nile ya Buluu, lililozinduliwa rasmi Septemba 2025, lina tabia hiyohiyo: uwezo wake ni megawati 5,150, na uzalishaji wa mwaka unaokadiriwa unafikia theluthi moja na kidogo tu ya kile ambacho megawati hizo zingetoa bila kusimama. Kinyume chake ni mvuke wa ardhini wa Olkaria kule Kenya, ambao hauna masika wala kiangazi. Mitambo ya jotoardhi haifikii theluthi moja ya uwezo wote wa mitambo ya Kenya, lakini hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo, kwa kuwa huzunguka usiku kucha na mchana kutwa. Megawati moja ya Olkaria na megawati moja ya Rufiji zinaandikwa sawa gazetini, na mwisho wa mwaka hazileti kapu sawa.

Bado hatujafika kwenye mtaa wenu. Namba ya 2,115 imepimwa mahali pamoja, kwenye mitambo pale mtoni. Umeme ukitoka hapo husafiri kwa njia ya kilovoti 400 hadi Chalinze, ukashushwa, ukagawanywa, ukapita nguzo na vituo vingine kadhaa, ukafika kwenye transfoma ya mtaa, na kutoka hapo kwa waya mwembamba hadi kwenye mita yako. Kipimo cha bwawa kinaishia mwanzoni mwa safari hiyo, na kipimo cha mwananchi, ambacho ni taa kuwaka au kuzimika, kinaanzia mwishoni mwake. Transfoma iliyofungwa wakati mtaa una nyumba 40 haijui kwamba Rufiji kuna mitambo tisa. Nyumba zikifika 120 na kila moja ikawa na friji, itazidiwa saa 2 usiku hata kama bwawa limefurika.

Ushahidi tuliuona wenyewe. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgawo wa umeme. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Rufiji ukawashwa, mvua zikanyesha kwa wingi, na kufikia Machi mwaka huohuo vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu uzalishaji ulikuwa umezidi matumizi. Katika majuma hayohayo ambayo gridi ilikuwa na umeme wa ziada, watu waliendelea kukatiwa kwa sababu ya nguzo kuoza, matawi kuangukia waya na transfoma kuungua. Vivyo hivyo Machi 2025, serikali ilipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, wengi waliuliza ni kichaa gani mwenye bwawa lake anayenunua umeme kwa jirani. Mpango huo unaweza kupingwa kwa hoja za bei na za usalama wa nchi, na mimi sina neno na anayeupinga kwa hoja hizo. Lakini asiyejua kwamba umeme unaotembea mamia ya kilomita kutoka Rufiji kwenda Arusha hupungua njiani, na kwamba mpaka wa Namanga, ambako umeme wa Ethiopia ungeingilia kupitia Kenya, uko karibu zaidi na Arusha kuliko bwawa lilivyo, bado anasoma namba iliyopimwa mtoni kana kwamba imepimwa sebuleni kwake.

Jiwe la Wakorea halihitaji maneno mengi. Julai 2023 watafiti wa Seoul walitoa maandiko wakidai kwamba kiunzi (kampaundi) cha madini ya risasi, fosfati na shaba walichokiita LK-99 kinapitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la kawaida la chumba, jambo ambalo likipatikana litabadilisha kila waya duniani. Walionyesha vitu viwili: ukinzani ulioshuka ghafla kwenye joto la zaidi kidogo ya nyuzi 100, na video ya kipande kikiinuka juu ya sumaku. Itazame tena video hiyo pamoja na darasa, Mwalimu, na uwaambie wakodolee macho ukingo mmoja wa kipande: haukuinuka, umegusa sumaku muda wote. Kufikia katikati ya Agosti maabara za nchi kadhaa zilikuwa zimegundua kwamba sampuli zilikuwa na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo hubadilika umbo kwenye joto la takriban nyuzi 104, na ukinzani wake hushuka hapohapo. Walichopima kilikuwepo, kilikuwa cha mfuko, hakikuwa cha sukari. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck huko Stuttgart walipotengeneza fuwele safi ya kiunzi chenyewe, waliikuta haipitishi umeme hata kidogo.

Kitabu kilichoungua nimekipenda kwa sababu kinaonyesha habari iliyopimwa vizuri. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 uliufunika mji wa Herculaneum, huko Italia, na ndani ya jumba moja la kifahari zikabaki mamia ya hati za mafunjo zilizogeuka makaa, ambazo ukizikunjua zinapukutika. Timu ya Profesa Brent Seales wa Chuo Kikuu cha Kentucky ilizipiga picha kwa eksirei bila kuzifungua, na mashindano yakatangazwa ili watu wafundishe kompyuta kutambua wino ndani ya makaa. Oktoba 2023 Luke Farritor, mwanafunzi wa miaka 21, akapata neno la kwanza la Kigiriki, lenye maana ya rangi ya zambarau, na Februari 2024 yeye, Youssef Nader wa Misri na Julian Schilliger wa Uswisi wakagawana dola 700,000 kwa kusoma herufi zaidi ya 2,000. Waliotangaza walisema palepale kwamba hiyo ni asilimia 5 tu ya hati moja, na wataalamu wa Kigiriki waliyahakiki maandishi kabla ya tuzo kutolewa. Mwanafunzi anayesema "kompyuta imesoma kitabu" amezidisha mara ishirini, lakini chanzo chake hakikumdanganya.

Sasa Waswahili na Waajemi. Hapa ninatoka kidogo nje ya fani yangu, na ninajua pia kwamba katika baraza nyingi za pwani, Tanga ikiwemo, mada hii haizungumzwi kwa sauti ya chini.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, kama vile Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na eneo moja la bara. Matokeo yalikuwa kwamba katika wengi wa watu wa pwani zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka Afrika, na hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, na asilimia 80 hadi 90 ya sehemu hiyo ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya 1500 nasaba ya Uarabuni inaanza kuongezeka. Wazee waliosimulia habari za Washirazi, yaani mababu waliokuja kutoka Uajemi, na ambao kwa miaka mingi wasomi wengi waliwaona kama watu wanaojitafutia ukoo wa heshima, walikuwa wamehifadhi kumbukumbu yenye kiini cha kweli, na nadhani tuna deni la kuwaomba radhi.

Lakini "Waswahili ni Waajemi" si matokeo ya utafiti huo, hata kwa kusoma namba zake zenyewe, ambazo zinasema nusu na zaidi ni Afrika. Tena kilichopimwa ni damu, na damu haikuanzisha mji. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, wanaakiolojia wamepata makazi na misikiti midogo ya miti ya karne ya 8, zaidi ya miaka 200 kabla ya kuchanganyika huko kunakoonekana katika mifupa. Lugha wanayoizungumza wanafunzi wako ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, na ilijengwa vinywani mwa akina mama walewale ambao utafiti umewapata upande wa Afrika.

Kisha uwaulize kipimo kilianzia wapi. Makaburi mengi yaliyochimbwa ni yale ya karibu na misikiti na majumba ya mawe, ya watu waliokuwa na uwezo wa kuzikwa hapo. Watafiti wenyewe wameandika kwamba sampuli yao imeelemea upande wa matajiri wa mji. Mvuvi, mwashi, mpishi wa nyumba kubwa, mtumwa na mkulima wa shamba la mtama nje ya ukuta waliishi katika mji uleule au kandokando yake, wakakaa kwenye nyumba za udongo na makuti, na wengi wao wakazikwa pasipo jiwe la kuonyesha mahali. Na kati ya watu wanaojitambulisha leo kuwa Waswahili, waliopimwa wamekutwa na viwango vinavyotofautiana sana vya nasaba hiyo ya kale. Kwa hiyo yule mwanafunzi wako aliyekwenda kumwambia bibi yake kwamba sayansi imemfanya Mwajemi, mwambie arudi amuulize bibi kwao ni wapi, upande wa kuumeni na upande wa kukeni, na ayaandike majibu, kwa sababu hakuna mtu aliyepima nyumba yao.